Muhula wa Lifti Mbili

Jumatatu, 1 Septemba

Leo nimeanza chuo. Kutoka kituo cha basi hadi mlangoni ni mwendo mfupi tu, lakini nilipoingia darasani blauzi ilikuwa imenigandama mgongoni kwa jasho. Walimu wote wametuuliza swali lile lile: kwa nini umechagua kompyuta? Wengi wamejibu kazi. Wengine akili bandia. Mimi nilisema napenda kujua vitu vinavyoamua mambo huwa vinaamuaje. Dkt. Aseel, anayetufundisha programu, alinitazama kidogo akasema, haya, tutaona.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza nimekiandika kutwa nzima.

Jumanne, 2 Septemba

Joto. Nimechelewa basi. Lifti.

Jumatano, 10 Septemba

Nimechelewa tena, na tena ni lifti. Jengo letu hapa mtaa wa Al Qusais lina ghorofa kumi na lifti mbili. Sisi tuko ghorofa ya sita, katika nyumba ambayo Tata Daisy, dadake mama, anaishi na wenzake wa hotelini. Yeye yuko mapokezi, hoteli moja kule mtaa wa Deira. Ndiye aliyenileta huku kwa Waarabu kusoma, na ndiye anayenigongea mlango asubuhi.

Asubuhi kila mtu anashuka. Lakini lifti zote mbili, zikikosa kazi, zinakwenda kulala chini. Ukibonyeza kitufe ghorofa ya sita, inabidi lifti itoke chini ije ikuchukue, na mara nyingine inakupita kwenda juu kuchukua wengine, kisha inarudi imejaa. Watu wanasonya. Mimi leo, badala ya kusonya, nimejikuta najiuliza: nani aliiambia ilale chini?

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemuuliza Dkt. Aseel. Amesema swali hilo ni la zamani na bado halijaisha utamu. Ameniambia niandike programu ndogo: jengo la kubuni, watu wa kubuni, lifti mbili, halafu nitazame nani anangoja kiasi gani. Nimesahau kula mchana.

Jumatano, 24 Septemba

Nimegombana na mlinzi wa jengo. Anaitwa Twaibu, Mganda wa Iganga, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Nilikuwa ndani ya lifti na simu mkononi, napanda na kushuka ili nione inasimama wapi na inasimama kwa nini. Mara ya tatu mlango ulipofunguka chini nikamkuta amesimama mbele yangu.

"Nyabo, hii kitu si ya kucheza," akasema; nyabo kwao ni kama kusema bibie. "Watu wanangoja."

Nikamwambia sichezi, ni kazi ya chuo. Akasema chuo kina lifti zake. Jioni akamwambia Tata, na Tata akanisema mbele ya wenzake. Mtu mwenyewe kazi yake ni kukaa mezani kutazama mlango, sijui anaringia nini.

Jumatatu, 6 Oktoba

Programu inafanya kazi. Vitone vidogo vinapanda na kushuka kwenye kioo. Nimemwita Tata aje aone. Ametazama kwa heshima, akauliza kama kutakuwa na mtihani juu yake.

Jumanne, 7 Oktoba

Watu wa kubuni hawanitoshi. Nataka wa kweli. Kila asubuhi nitasimama nje ya mlango wetu na kuandika kwenye simu: lifti imeitwa, lifti imefika.

Jumanne, 21 Oktoba

Joto limepungua. Asubuhi kuna ukungu, hata barabara ya uwanja wa ndege haionekani.

Nimegundua kitu kinachoharibu hesabu zangu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuna wakati lifti moja inapanda ghorofa ya tisa na kukwama huko. Haijaharibika. Ni Twaibu. Anapanda nayo mwenyewe, anaweka mguu mlangoni, anamngoja bibi mmoja wa Kizanzibari anayeishi kwa mwanawe. Leo nimemuuliza ni nani. Amesema anaitwa Bi Khamisa, anakwenda hospitali kusafishwa damu, figo zake hazifanyi kazi. Gari la hospitali linakuja chini na halingoji sana.

Nikasema aa. Kisha nikarudi kwenye kompyuta nikaziondoa asubuhi hizo tatu za kila wiki, kwa sababu zinapandisha wastani bila sababu ya msingi. Baada ya kuziondoa, mchoro ulitulia vizuri sana.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata jibu zuri. Asubuhi, lifti ya kushoto ihudumie ghorofa ya kwanza hadi ya tano tu, na ya kulia ihudumie ya sita hadi ya kumi, ikikosa kazi ilale huko juu. Wastani wa kungoja unashuka karibu nusu. Nimerudia hesabu kwa siku mbalimbali, jibu ni lile lile. Usingizi wenyewe umeniruka.

Jumatatu, 17 Novemba

Leo nimekwenda kwa Bwana Raed. Huyu ndiye msimamizi wa jengo, ofisi yake iko nyuma ya duka la dawa upande wa pili wa barabara. Nilidhani atanifukuza. Kumbe amechoshwa na malalamiko ya lifti kuliko mimi. Ametazama vitone vyangu vikipanda na kushuka, akacheka, akamwita fundi wa lifti kwa simu papo hapo.

Fundi ni Wahid, Mpakistani. Alikuja mchana na sanduku lake, akasikiliza, akasema inawezekana, kuna sehemu ya kuweka hayo kwenye mtambo. Akauliza jambo moja: lifti moja ikizima, je? Bwana Raed akasema ikizima tutakupigia, utakuja kurekebisha. Wahid akasema inshallah. Tukakubaliana tujaribu hadi mwisho wa muhula.

Dkt. Aseel amesema naweza kuifanya iwe kazi yangu ya mwisho wa muhula. Darasa zima hakuna mwingine mwenye jengo la kweli.

Jumatatu, 24 Novemba

Inafanya kazi! Nimebonyeza, imekuja. Tata amewahi basi akiwa na kikombe chake cha chai mkononi. Mama mmoja wa ghorofa ya saba ameniambia Mungu akubariki bila kujua ni kwa ajili ya nini hasa.

Twaibu ameniamkia tu kama kawaida.

Jumanne, 2 Desemba

Sikukuu ya taifa. Bendera kila mahali. Nimelala.

Jumatano, 10 Desemba

Leo nitaandika kirefu.

Mvua imeanza alfajiri. Nyumbani Murang'a mvua kama hii hakuna anayeizungumzia, lakini hapa mitaro haitoshi na maji hayana pa kwenda. Kulipokucha, barabara ya mbele ya jengo ilikuwa kama bwawa na magari yamezimika katikati. Chuo kikatuma ujumbe kwamba masomo yatakuwa ya mtandaoni. Tata alikuwa amekwama Deira tangu zamu ya jana. Nikachemsha chai, nikafungua kompyuta, nikafurahi.

Kisha nikasikia watu wanaongea kwenye ngazi. Nikatoka. Lifti ya kulia ilikuwa imezima. Maji yalikuwa yameingia chumba cha mitambo kule juu ya paa. Ya kushoto ilikuwa nzima kabisa, inapanda na kushuka chini yetu, lakini haipiti ghorofa ya tano. Niliambiwa Wahid, ambaye peke yake anaweza kubadilisha mpango kwenye mtambo, amepigiwa simu na yuko njiani, maji yamemzuia.

Nilisimama pale nikiielewa hali hiyo vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo. Mtu wa ghorofa ya sita anashuka ngazi chache, anapanda lifti ya kushoto, basi. Hata wa saba. Kisha nikakumbuka ni Jumatano.

Nikapanda mbio. Ghorofa ya tisa mlango ulikuwa wazi. Bi Khamisa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, baibui limeshavaliwa, mkoba mapajani. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu havikuingia, amevaa kandambili. Mwanawe alikuwa ameshaondoka kwenda kazini Deira kabla mvua haijachanganya, kwa wakala wa mizigo. Mkewe yuko likizo Unguja. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mie sina haraka," akasema. "Mwenye haraka ni gari."

Alihema kati ya sentensi na sentensi. Nikamuuliza kama anaweza kushuka kwa miguu. Akasema jana angeweza labda. Siku ya kwanza baada ya kusafishwa huwa na nguvu kidogo, ya pili maji yanamjaa kifuani. Akanieleza hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Twaibu akatokea kwenye ngazi. Alikuwa amepanda ghorofa zote kwa miguu. Alishika kiti upande wa mgongo, akaniambia nishike miguu ya mbele, na tukamshusha. Ngazi moja, tunapumzika. Ngazi nyingine. Bi Khamisa akaanza kusoma dua kwa sauti ndogo, sijui kwa ajili yake au kwa ajili yetu. Kwenye kona ya ghorofa ya saba kiti kiliniponyoka upande mmoja. Twaibu akakibeba uzito wote kwa kifua chake mpaka nikakishika tena. Alisema tu, "Polepole, nyabo."

Ghorofa ya tano tukaingia lifti ya kushoto. Ilikuja mara moja, kama nilivyoipanga.

Chini hapakuwa na gari. Dereva alikuwa amempigia Twaibu simu mezani kabla hajapanda, akasema hawezi kuingia mtaa wetu, atangoja kidogo barabara kubwa. Tulipompigia alikuwa ameshakwenda kuwachukua wagonjwa wengine. Akasema watamtafutia nafasi kesho. Bi Khamisa aliposikia neno kesho alitikisa kichwa, si kwa kukataa, ni kama mtu aliyesikia jambo analolijua.

Nikasema metro inatembea. Twaibu akatazama meza yake, akatazama maji nje. Kampuni yao ya ulinzi haitaki meza ibaki tupu hata kwa dakika. Akachukua kiti cha magurudumu cha Bi Khamisa kilichokuwa kimekunjwa nyuma ya meza, akavua viatu, akakunja suruali.

"Twende kabla sijafikiri," akasema.

Tukamsukuma hadi kituo cha metro, maji yakitufika juu ya vifundo vya miguu, mahali pengine magotini. Mimi nilishika mwavuli ambao haukumzuilia mtu yeyote kitu. Kituoni Twaibu akatuingiza hadi kwenye lango, akanikabidhi kiti, akarudi mbio.

Ndani ya treni tulikuwa wawili tu katika kona yetu. Nguo zinachuruzika. Nikaona siwezi kukaa kimya, nikamwambia Bi Khamisa kwamba ni mimi niliyezigawa lifti.

"Najua," akasema. "Twaibu alinambia siku ile ile. Kasema mtoto wa chuo kapanga lifti upya. Nikamwambia mwache apange, vijana wawahi makazini." Akapumua. "Ila hukuja kuniuliza."

Nilitaka kumwambia nilikuwa na rekodi za wiki nzima nzima. Nilikuwa nazo kweli, na zake ndizo nilizozifuta.

Hospitali walimpokea. Muuguzi alimtazama miguu, akamsikiliza kifua, akamwingiza mbele ya wengine. Nilikaa nje mpaka mwanawe akafika, suruali imelowa hadi mapajani, akanishukuru mno. Sikumweleza chochote. Shukrani zile ndizo zilizonichoma zaidi ya yote.

Amesafishwa. Anaendelea vizuri. Nimerudi kwa metro. Wahid alikuwa juu ya paa na taa kichwani. Mezani alikuwa amekaa mlinzi nisiyemjua.

Alhamisi, 11 Desemba

Jua limetoka kama hakuna kilichotokea. Maji yananyonywa kwa malori.

Twaibu yuko chumbani kwake, kambi ya walinzi, anangoja kuitwa. Msimamizi wake alipiga simu mezani jana, ikaita bila kupokelewa. Wametazama kamera: meza tupu muda mrefu.

Nimekwenda kwa Bwana Raed kabla ya masomo. Nimemwambia mpango ulikuwa wangu, kwamba niliondoa hesabu za Bi Khamisa kwa sababu ziliharibu mchoro, na kwamba Twaibu ameacha meza kwa ajili ya kosa langu. Nilitegemea anikemee. Alifungua dirisha kwanza.

"Mimi ndiye niliyeruhusu," akasema. "Wahid aliuliza, na mimi nikamjibu kama mtu mwenye haraka."

Amesema atawaandikia kampuni ya ulinzi aeleze yote. Lakini Twaibu si mtu wake, hawezi kuwaamulia. Nikamwomba aniruhusu nami niandike. Akasema andika. Nimeandika. Lifti zimerudishwa zilivyokuwa.

Ijumaa, 12 Desemba

Asubuhi nimemshusha Bi Khamisa mwenyewe. Nimeweka mguu mlangoni. Watu wa ghorofa ya nane walisonya, na nikawaelewa, kwa maana nami nilikuwa nikisonya hivyo hivyo.

Jumapili, 14 Desemba

Tata amesikia habari yote kwa jirani wa ghorofa ya saba. Nilidhani atanigombeza. Amenipikia chapati, akakaa mbele yangu mpaka nikazimaliza, kisha akasema kwamba alipoanza kazi hotelini aliwahi kumpa mgeni mzee chumba cha mbali kwa sababu kompyuta ilisema kiko tayari. Mgeni yule alikuwa na mkongojo, na yeye hakuinua kichwa kumwona. Tukaosha vyombo.

Jumatatu, 15 Desemba

Twaibu amekuja kuchukua vitu vyake. Hawakumfukuza. Wamempa onyo la maandishi na kumhamishia jengo lingine, Deira, karibu na Creek, ule mkono wa bahari. Anaanza kesho. Nimeshuka kumwona. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilisema pole tu, na kwamba kosa ni langu.

Alikuwa akikunja koti la mvua. "Ulitaka kujua lifti inasimama kwa nini," akasema. "Sasa umejua." Hakusema kwa ukali. Akaniambia Bi Khamisa hapendi kuharakishwa akiwa anatafuta mkoba, na kwamba Jumatatu hali yake huwa mbaya zaidi kwa sababu ya siku mbili za katikati bila kusafishwa, kwa hiyo nianze mapema. Kisha akanipa mkono.

Niliwahi kuandika humu kwamba kazi yake ni kukaa. Nimeisoma tena leo. Nimeiacha ilivyo.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimewasilisha kazi yangu. Usiku kabla yake nilizirudisha asubuhi zote nilizokuwa nimezifuta, na siku ya mvua nikaiweka pia. Nikaonyesha michoro miwili. Darasa liliupenda wa kwanza.

Dkt. Aseel akauliza kwa nini wa kwanza ni mzuri hivyo na wa pili umepinda. Nikamjibu kwamba wa pili una watu wote. Akauliza basi programu ilikuwa na kosa wapi. Nikasema programu haikuwa na kosa, ilifanya hasa nilichoiambia. Akaandika kitu. Wengine wakauliza maswali juu ya rangi za michoro.

Alama zangu ni nzuri, si za juu kabisa. Pembeni ameandika kwamba muhula ujao nije ofisini kwake, kuna kazi ya kupima vituo vya basi, na kwamba nitaanza kwa kuzungumza na abiria kabla ya kufungua kompyuta.

Jumamosi, 3 Januari

Nimekwenda Deira kumtembelea Twaibu. Baridi nzuri, watu wamevaa masweta ambayo kwetu yangechekwa. Jengo lake jipya lina ofisi za mizigo chini na nyumba juu, na wabebaji wanaingia na kutoka na maboksi yao. Amenenepa kidogo. Mkewe amejifungua salama huko Iganga, mtoto wa kike. Amenionyesha picha. Kumbe mimba yote hiyo ilipita nikiwa namwamkia kila asubuhi.

Tulikunywa chai ya maziwa. Akaniuliza habari za Bi Khamisa, nikamwambia anaendelea, mkwe wake amerudi, na sasa wananitania kwamba mimi ndiye kondakta wake. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Halafu akainamisha kichwa kama mtu mwenye siri. Akaniambia kuna jambo linamsumbua tangu afike. Mlango wa vioo wa hapo hujifungua wenyewe mtu akikaribia. Lakini mara nyingine unafunguka na hakuna mtu. Ameutazama sana. Si upepo, kwa sababu hata siku zisizo na upepo unafunguka. Ameuliza wenzake, wanamcheka, wanasema ni majini ya Creek.

"Wewe nyabo wa chuo," akasema, "huu unaamuaje?"

Nilisimama mbele ya mlango. Ukafunguka. Nikarudi nyuma, ukafunga. Juu yake kulikuwa na kijicho cheusi cha kuhisi watu, na nilihisi ule mwasho ninaoujua, mkono ukiitafuta simu mfukoni. Simu niliiacha humo humo.

"Sijui bado," nikamwambia. "Kwanza niambie ni nani wanaopita hapa."

Twaibu akavuta kiti cha pili karibu na meza yake, akanisubiri nikae, akaanza kunitajia mmoja mmoja.